Ulete na Sampuli

Biofizikia ni neno la kuua stori. Mwambie jirani yako kwenye matatu kwamba unasomea uhasibu, atakuuliza kama huko kwenu wanaandika watu. Mwambie biofizikia, atageukia dirisha. Mathe, huko Ahero, aliamua mapema kwamba mimi ni "daktari wa damu". Ndivyo anavyowaambia watu wa kanisa, na sijawahi kumpinga kwa sababu hayuko mbali na ukweli. Kazi yangu ni damu kweli. Ila sitibu mtu. Naiangalia tu ikitetemeka.

Acha nieleze kidogo, la sivyo hutaelewa nilienda kutafuta nini Philadelphia.

Seli nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 8 hivi, umbo lake kama mandazi ya duara yaliyobonyezwa katikati pande zote mbili. Huishi siku 120 hivi. Katika maisha hayo hupita tena na tena kwenye mishipa ambayo mingine ni myembamba kuliko yenyewe, kwa hivyo ni lazima ijue kujikunja na kujikunjua. Iweke chini ya hadubini, tulia, ngoja macho yazoee. Utaona ukingo wake unachezacheza, kama pazia ambalo mtu amepita karibu nalo. Mwaka wa 1975 Wafaransa wawili, Françoise Brochard na Jean-François Lennon, walionyesha kwamba mtetemo huo unaweza kuelezwa kwa joto peke yake: molekuli zinagongagonga utando wa seli bila kupumzika. Na hapa ndipo fizikia inakuwa tamu. Ukipima utando unacheza kiasi gani, unaweza kupiga hesabu ujue umekazwa kiasi gani. Uliolegea hucheza sana, uliokazwa hucheza kidogo. Huhitaji kuugusa. Unahitaji hadubini, kamera yenye kasi, na subira.

Nani anajali kama utando umekazwa au umelegea? Kimelea cha malaria kinajali.

Mwaka wa 2020 jarida la Nature lilichapisha makala kuhusu aina ya damu inayoitwa Dantu. Ni nadra sana kwingine duniani, lakini Kilifi, hapa kwetu pwani, takriban nakala 10 kati ya kila 100 za jeni hiyo ni za Dantu. Ilikuwa imeshajulikana kwamba mtoto aliyerithi Dantu kwa wazazi wote wawili ana kinga ya asilimia 74 dhidi ya malaria kali. Swali lilikuwa kwa nini. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Kilifi na wenzao wa Uingereza, jina la kwanza kwenye orodha likiwa Silvia Kariuki, walichukua damu ya watoto 42 wenye afya wakatazama vimelea vikijaribu kuivamia. Jibu likawa la kifizikia: utando wa seli za Dantu umekazwa zaidi. Kimelea kinafika, kinashika, kinasukuma, na mlango hausogei. Hata kwa watoto wasio na Dantu, seli ambayo utando wake ulikuwa umekazwa kupita kiwango fulani ilivamiwa kwa nadra sana.

Hiyo makala niliisomea kwa simu, Ahero, kipindi cha Corona, hosteli zimefungwa na bando linaisha. Kwetu ni nchi ya mpunga na maji yaliyotuama. Simjui mtu mzima wa huko ambaye hajawahi kulala kwa malaria. Niliisoma mara tatu. Mara ya tatu nikaona kitu ambacho hakikuwa siri, kimeandikwa wazi kwenye sehemu ya mbinu: damu ilitolewa Kilifi, ikagandishwa, ikasafiri. Hadubini zilizopiga zile video zilikuwa Uingereza.

Usinielewe vibaya. Hivyo ndivyo vifaa vilivyokuwa, na bila safari hiyo tusingejua tunachojua leo. Lakini mimi ni mwanafizikia, na mwanafizikia akiona mashine ghali huanza kujiuliza ni sehemu gani ya hiyo bei inafanya kazi na ni sehemu gani imevaa tai tu. Hilo ndilo likawa swali la uzamifu wangu. Je, mvutano wa utando unaweza kupimwa na kifaa ambacho hospitali ya kaunti inaweza kununua, na fundi wa mtaa akakitengeneza kikiharibika? Nina hadubini ya zamani iliyokuwa imefunikwa na karatasi ya nailoni kwenye stoo ya idara. Nina kamera ya viwandani, ile inayokagua kama chupa zimefungwa vizuri. Nina fundi wa Luthuli aliyenichongea kishikizo cha alumini na kukataa malipo ya pili kwa sababu, alisema, hajawahi kuombwa kitu kisichoruhusiwa kutikisika hata kidogo. Na nina programu niliyoandika mwenyewe, usiku, stima ikiwepo.

Ndiyo maana Februari 2024 nikaenda kwenye kongamano la kila mwaka la Biophysical Society. Ruzuku ya safari ililipa sehemu. Viza, dola 185, nilijilipia. Kilichobaki kilichangwa kwenye kundi la WhatsApp ambalo binamu yangu alilipa jina "Tupeleke Daktari Marekani", na mjomba mmoja akatuma shilingi 500 pamoja na swali: huyo daktari atarudi? Hakuna aliyemjibu. Watu walibandika emoji za mikono ya sala.

Posta yangu niliichapisha River Road, kwenye kitambaa ili niikunje ndani ya begi, kwa jamaa anayechapisha mabango ya wanasiasa na ya mazishi. Aliangalia picha kubwa ya seli pale katikati, akaniuliza kama nafungua duka la chapati.

Philadelphia kulikuwa na baridi ya kuuma masikio. Jengo la kongamano, Pennsylvania Convention Center, limemeza stesheni ya zamani ya reli. Unapanda ngazi na kujikuta chini ya paa la chuma ambako zamani treni ziliegeshwa. Chini yake kuna soko lililofunguliwa mwaka wa 1893 na bado linauza samaki, maandazi ya Wajerumani wa Pennsylvania, kila kitu. Nilipenda hilo kuliko nilivyotarajia. Sayansi juu, samaki chini. Nilijaribu kufikiria stesheni yetu ya Nairobi ikigeuzwa hivyo, watu wakijadili protini huku makanga wanaita abiria pale nje, na sikuona kwa nini isiwezekane.

Watu walikuwa maelfu. Kila siku ukumbi ulijaa posta safu kwa safu kama vibanda vya Gikomba, isipokuwa hapa muuzaji ndiye aliyekuwa na aibu na mnunuzi hakuwa na pesa. Nilisikia mambo ambayo bado nayatafuna: mirija ya ioni inayofunguka seli ikivutwa, protini zinazojikunja vibaya, watu wanaovuta DNA moja kwa miale ya leza kupima nguvu zake. Sitajifanya nilielewa yote. Kwenye kikao kimoja nilikaa saa nzima kwa sababu tu kiti kilikuwa laini na picha zilikuwa nzuri.

Halafu kulikuwa na ule upande mwingine wa kongamano, wa kukuza taaluma. Vikao vya jinsi ya kuandika wasifu. Vikao vya kazi nje ya chuo kikuu. Kikao cha "mazungumzo ya lifti", yaani umekutana na mtu mkubwa ndani ya lifti, una nusu dakika kumwambia wewe ni nani kabla mlango ufunguke. Lifti ya jengo letu iliharibika nikiwa mwaka wa pili. Kwa hivyo nilijifanyia hesabu ya matatu: kutoka Odeon hadi Ngara bila jam, unamwambia nini mtu aliyekaa karibu nawe kabla ashuke? Ilinisaidia kweli. Kwenye lifti unajitangaza. Kwenye matatu lazima kwanza umfanye mtu atoe masikioni vile vispika.

Mama mmoja wa makamo, mpole, alikuwa akisoma wasifu za vijana kwa zamu ya dakika 20. Alipitia wangu na kalamu nyekundu. Kila palipoandikwa "tulitengeneza" alizungusha duara. "Nani alitengeneza?" Mimi. "Basi andika mimi." Nikamwambia kwamba kishikizo kilichongwa na fundi, na hadubini alinionyesha mtunza stoo. Akasema fundi haombi kazi, wewe ndiye unayeomba. Alikuwa na haki yake, na nilibadilisha sehemu kubwa. Lakini kwetu "tu" si unyenyekevu wa bandia. Ni hesabu ya madeni. Ukiifuta, kuna mtu hutamlipa. Mstari wa fundi niliuacha ulivyokuwa, na kwenye posta jina lake liko pale chini kwenye shukrani.

Saa yangu ya kusimama kando ya posta ilifika siku ya tatu. Dakika 20 za kwanza alikuja kijana mmoja, akauliza choo kiko wapi.

Kisha akaja Prof. Nitamwita hivyo tu. Maabara yake iko Ulaya na kazi zake nimezisoma tangu nilipoanza uzamili. Alisimama kimya akisoma grafu kuanzia kulia kwenda kushoto, kitu ambacho tangu siku hiyo nafanya pia. Akauliza kuhusu kelele ya kamera. Akauliza nawezaje kujua kwamba mtetemo ninaoupima ni wa seli na si wa lori linalopita nje. Hilo nilikuwa nimelisubiri: napima pia shanga ndogo iliyogandishwa kwenye kioo, ikitikisika najua ni jengo, naitoa kwenye hesabu. Alicheka, cheko la mtu aliyefurahi. Tuliongea karibu nusu saa. Mwisho akasema ana nafasi ya miaka miwili ya mtafiti, kuanzia vuli, na angependa niombe. Akataja mshahara. Nilishika fremu ya ubao.

Sasa weka huo mshahara karibu na haya. Udhamini wangu unaisha Agosti. Ndugu yangu mdogo yuko mwaka wa pili chuoni na karo ya muhula huu haijatimia. Kazi ninayoweza kuipata Nairobi kwa haraka ni kufundisha kwa saa, na nina rafiki aliyefundisha hivyo muhula mzima akaja kulipwa baada ya wanafunzi wenyewe kuhitimu. Mathe hajaniomba chochote. Huniuliza tu kama nimekula, na mimi namjua anapouliza hivyo anaficha nini.

Prof alikuwa ameshaanza kuondoka akageuka. "Na ukija," akasema, "ulete na sampuli. Kwenu kuna jeni za ajabu. Sisi tuna mashine bora kuliko hii yako."

Hakuwa mtu mbaya, na hakusema uongo. Mashine zake ni bora. Ni sentensi ya kawaida kabisa katika fani yetu, na aliisema kwa ukarimu, kama mtu anayekwambia usijisumbue kubeba shuka, kwangu ziko. Lakini posta nzima iliyokuwa nyuma yangu, mita moja na zaidi ya kitambaa cha River Road, ilikuwa inasema kitu kimoja tu: kwamba sampuli haihitaji kusafiri.

Yaliyobaki ya ile saa sikuyafaidi sana mpaka akaja mzee mmoja wa rangi yangu, mvi zimemjaa, kadi ya jina imegeuka nyuma. Akaniangalia, akaangalia jina la chuo changu, akasema, "Mwanangu, hebu nieleze kwa Kiswahili."

Shikamoo sisi wa Nairobi hututoka kwa shida, lakini ilitoka. Alikuwa Mtanzania wa Tanga, ameishi Marekani miaka mingi, amefundisha fizikia hadi karibu kustaafu. Nikaanza kueleza nikidhani nitakwama, maana kazi hii nimeisoma, nimeiandika na kuiota kwa Kiingereza. Sikukwama. Utando upo. Mvutano upo. Mtetemo upo. Nilipofika kwenye kukazwa nikasitasita nikitafuta mfano, yeye akanipa kitenzi: "Umewambwa. Kama ngozi ya ngoma." Kuwamba. Neno ambalo sijawahi kulitumia maishani, na ndilo hasa nililolihitaji: ngozi iliyowambwa ukiigonga haibonyei, inakurudishia mkono. Nikamwambia seli za Dantu zimewambwa. Akatikisa kichwa kwa raha, kama mtu aliyeonja pilau ya nyumbani.

Nikamsimulia kuhusu Prof. Sijui kwa nini, labda kwa sababu ya ile mwanangu. Akasikiliza hadi mwisho. "Wajua wanavyosema," akasema. "Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Halaumiwi. Nawe vuta." Kisha akauliza kama namjua Allison.

Namjua. Yuko kwenye sura ya kwanza ya tasnifu yangu. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini akakulia Kenya, upande wa Gilgil, na mwaka wa 1949 alirudi na msafara wa Oxford wa Mlima Kenya, akapima damu za watu kutoka pwani hadi ziwani. Mwaka huohuo, huko California, Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa wa selimundu ina chaji tofauti na ya kawaida. Kwa wengi wetu hapo ndipo fizikia iliingia kwenye damu rasmi. Allison aliona kwamba selimundu iko nyingi pale penye malaria nyingi. Ili kulithibitisha, Nairobi, aliwaambukiza malaria kwa makusudi wanaume 30 wa Kiluo waliojitolea, 15 wenye jeni moja ya selimundu na 15 wasio nayo. Katika wale wasio nayo, 14 waliugua. Katika wale wenye nayo, wawili. Matokeo yalitoka kwenye British Medical Journal mwaka wa 1954 na yakabadilisha jinsi dunia inavyoelewa jeni na ugonjwa.

Kila ninapoandika aya hiyo kwenye tasnifu huandika kwa sauti ya kawaida, kwa nafsi ya tatu. Usiku ule hotelini niliifungua tena makala. Wanaume 30 wa Kiluo, Nairobi, miaka ya hamsini. Babu yangu mzaa baba alikuwa Nairobi miaka hiyo, akifanya kazi reli. Sisemi alikuwa mmoja wao, hakuna chochote kinachoonyesha hivyo. Nasema tu kwamba ni watu wa rika lake, wa lugha yake, huenda walikula mahali pamoja Kaloleni. Jina la Allison liko kwenye vitabu vya jenetiki. Wao wako kwenye jedwali, safu mbili.

Ningependa kukwambia kwamba baada ya hapo uamuzi ulikuwa rahisi. Haukuwa. Heshima ya mababu hailipi karo. Na kuna uongo mwingine ambao wenzangu wa mtandaoni wanaupenda, kwamba anayebaki nyumbani ni mzalendo na anayeondoka amesaliti. Walioondoka ndio waliolipia nusu ya watu niliosoma nao. Mzee wa Tanga aliondoka, na bila yeye nisingekuwa na lile neno. Tena hicho kifaa changu bado hakijathibitishwa. Ili mtu yeyote akiamini, lazima kipimwe bega kwa bega na mashine bora, seli zilezile, siku ileile. Na mashine bora iko kwa Prof. Hapo ndipo nilipoona kwamba swali la niende au nisiende nilikuwa nimelipokea kwa umbo alilonipa yeye.

Barua pepe niliiandika kwenye ndege, saa nane za kwenda Ulaya, nikaituma nikiwa nasubiri ndege ya Nairobi. Ni fupi. Nilimwambia nafasi naitaka. Kisha nikaweka mambo matatu. Kwanza, kifaa changu kije nami, tupime nacho sambamba na mashine zake, na makala ya kwanza iwe ya ulinganisho huo. Pili, katika ile miaka miwili, miezi sita kila mwaka niwe Nairobi, na bajeti yake inunue kamera mbili zibaki huko. Tatu, damu yoyote ya Kenya ipimwe Kenya. Video zitasafiri, ni faili tu. Seli zitabaki. Nikaongeza kwamba hata kama ningetaka kubeba sampuli, kuna vibali na mikataba ya kuhamisha sampuli ambayo huchukua miezi, jambo ambalo ni kweli na pia ni silaha nzuri.

Rafiki yangu wa maabara alipoisoma alisema, "Wueh. Umeomba kazi ama umempa kazi?"

Jibu lilichukua siku tisa. Nilikuwa nimeshaanza kuulizia zile saa za kufundisha. Prof alikubali la kwanza bila neno. Nadhani ndilo alilolitaka tangu mwanzo. La pili amelikata nusu: miezi mitatu kila mwaka, kamera moja. La tatu ameandika, "Tuongee." Hakukasirika. Ameuliza swali moja la maana, kwamba ikiwa joto la chumba Nairobi hubadilika mchana na usiku, nitawezaje kulinganisha seli zilizopimwa asubuhi na zilizopimwa jioni, kwa sababu joto ndilo linalotikisa utando. Ni swali zuri kiasi cha kuniudhi. Wiki hii yote nimekuwa nikifunga boksi la povu kuzunguka hadubini, lile la kuwekea samaki, pamoja na balbu na kipimajoto kinachoizima na kuiwasha. Hadi jana usiku lilikuwa likishikilia nyuzi 37 na kuyumba kidogo tu.

Mathe nimemwambia kuna kazi ya Ulaya, huenda. Amenyamaza, kisha akauliza kama huko kuna malaria. Nikasema hakuna. "Sasa wanataka daktari wa damu wa nini?" akasema, na nikacheka mpaka simu ikakatika.

Tunaongea na Prof Alhamisi, saa kumi jioni, kwa video. Nimemuuliza mlinzi wa jengo kama kuna tangazo la kukatwa stima siku hiyo. Amesema hajaliona, lakini nichaji kompyuta mapema.